Kano ikishikizwa, fomu itaje kiungo

Vidole vingi ninavyovipokea hapa Mtwara vimekatwa na panga la kuchongea dafu au kisu cha samaki. Jeraha limeshonwa zahanati, ngozi ikafunga vizuri, na baada ya miezi kadhaa mtu anarudi akilalamika kwamba kidole kimelegea. Mpe mvuvi ndoana aibane: ncha ya kidole cha shahada inapinda kuelekea nyuma, ndoana inadondoka.

Ukiacha gumba, kila kidole kina kano mbili za kukunjia. Moja inaishia pingili ya kati, nyingine inakwenda hadi ya mwisho. Hii ya pili ikikatika, kiungo cha kati kinaendelea kukunja kama kawaida, ndiyo maana wengi hawashtuki mapema. Kuipima hakuhitaji mashine: nashika pingili ya kati isisogee, namwambia mgonjwa akunje ncha.

Kano iliyokaa muda mrefu hivyo hujivuta na kusinyaa, na kupandikiza nyingine kunaweza kuiponza ile nzima. Kwa hiyo mara nyingi nashikiza tu. Kipande kilichobaki upande wa ncha nakifunga kwenye mfupa wa pingili ya kati, kiungo kikiwa kimekunjwa kidogo, kisha waya mwembamba unakilinda kwa wiki kadhaa. Ncha inatulia, lakini haitakunja tena wala kunyooka kabisa. Mgonjwa alisikie hilo kabla ya kutia saini.

Halafu kuna fomu ya madai ya bima. Ukiandika “upasuaji wa kidole” umejitafutia usumbufu. Kwa kushikiza kano hivi, Marekani wanatumia msimbo 26471 kwa kiungo cha kati na 26474 kwa cha mwisho, na malipo ni kwa kila kiungo, si kwa kidole. Kidole nacho kina alama: F6 ni shahada ya kulia, F1 ya kushoto. Misimbo hiyo usiilete kwenye fomu zetu, bima ya hapa ina orodha yake. Ninachoiga ni nidhamu: ripoti yangu inataja mkono, kidole, kiungo, kano, na sababu ya kutoiunganisha. Karani wa madai hakuwepo chumba cha upasuaji, anategemea mwandiko wangu (Mungu amsaidie).

Viungo viwili, mistari miwili. Waya hauna mstari wake. Ni sehemu ya kazi ileile, na fomu iliyouchomeka pembeni naikatalia kabla haijatoka hospitalini.