Je, Wajua? Kwa Nini Mastaringi wa Sinema Hushika Serikali Kusini mwa India

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanaijua kanuni ya sinema za Kihindi: staringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, mama yake atalia hadi machozi yamkauke, lakini mwisho wa yote atakayelala chini ni adui. Kule Tamil Nadu, jimbo la kusini kabisa mwa India, kanuni hiyo ilitoka kwenye skrini ikaingia serikalini. Kuanzia 1967 hadi 2016, ukiwaondoa wachache walioshikilia kiti kwa muda, kila aliyekuwa waziri kiongozi wa jimbo hilo alikuwa mtu wa sinema: waandishi wawili wa filamu, staringi mmoja na waigizaji wawili wa kike. Waziri kiongozi ndiye mkuu wa serikali ya jimbo. Zanzibar nayo ilikuwa na cheo chenye jina hilo hadi 2010.

Ukiuliza imekuwaje, jibu la haraka utakalopewa limejaa dharau: eti wanakijiji wasiojua kusoma walishindwa kutofautisha sinema na maisha, wakampigia kura shujaa wa hadithi. Mimi silikubali. Mkulima wa mpunga anajua vizuri kabisa kwamba ngumi za kwenye skrini hazimuumizi mtu. Tena wapigakura haohao wamewabwaga waigizaji wengi tu, wengine wakubwa kweli, kama tutakavyoona. Ukweli ni kwamba kabla staringi hajaingia kwenye siasa, siasa ilikuwa imeshaingia kwenye sinema, na ilipitia kwa waandishi.

Mwaka 1949 C. N. Annadurai alianzisha chama cha DMK. Kilikuwa chama cha Watamil waliochoshwa na mambo matatu: chama cha Congress kutawala kila mahali, Wabrahmini, yaani tabaka la juu la Wahindu, kushika vyeo vyote vya maana, na lugha ya Kihindi kulazimishwa kwa watu wasioizungumza. Annadurai alikuwa mtunzi wa tamthilia na filamu. Radio ilikuwa mikononi mwa serikali kuu, na wananchi wengi hawakusoma magazeti. Lakini sinema zilifika hadi vijijini, nyingine kwa mahema ya kuhamahama, watu wakikaa mchangani kwa kiingilio cha senti chache. Humo ndani wa tabaka la juu na wa tabaka la chini walikaa chini ya paa moja, jambo ambalo hekaluni halikuwezekana kwa urahisi. Kwa chama kisicho na radio, ukumbi ulishajengwa, watu wameshajaa, na kiingilio wamejilipia wenyewe.

Mwaka 1952 ikatoka filamu iitwayo Parasakthi, iliyoandikwa na kada kijana wa DMK, M. Karunanidhi. Inahusu familia iliyotawanywa na vita, na dada mjane anayeishi kwa kuhangaika huku na huko. Kasisi wa hekalu anajaribu kumwingilia humohumo ndani ya nyumba ya mungu. Mwishoni kaka anasimama kizimbani na kutoa hotuba ndefu, si ya kujitetea bali ya kuishtaki jamii nzima. Watu waliikariri hotuba hiyo kama shairi. Waliotaka ipigwe marufuku hawakufanikiwa, na Karunanidhi akaja kuwa waziri kiongozi mara tano.

Bodi ya ukaguzi wa filamu ilikuwa macho, kwa hiyo chama kilijifunza kusema kwa mafumbo. Alama ya DMK ilikuwa jua linalochomoza, basi kwenye nyimbo jua likawa linachomoza kila mara. Bendera ilikuwa nyeusi na nyekundu, basi rangi hizo zikaonekana kwenye mavazi. Annadurai mwenyewe aliitwa Anna, yaani kaka, na mwigizaji alipomtaja kaka kwa heshima ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Mkaguzi angefuta nini hapo? Neno kaka?

Sasa ndipo anapoingia staringi. M. G. Ramachandran, ambaye wote humwita MGR, alizaliwa 1917 karibu na Kandy, Sri Lanka, katika familia ya Wamalayali, watu wenye asili ya Kerala. Hata Mtamil wa asili hakuwa. Baba alifariki yeye akiwa mdogo, njaa ikaingia nyumbani, akapelekwa kwenye kundi la maigizo angali mtoto. Alijiunga na DMK mwaka 1953, na tangu hapo akachagua majukumu yake kwa hesabu kali kuliko mwigizaji yeyote ninayemfahamu. Mwaka 1964 alikuwa mvuvi. 1967 akawa mkulima. 1971 akawa mvuta riksho, na akapata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora. Kila kundi la wavuja jasho lilipata filamu yake. Ni nadra kumwona kwenye skrini akivuta sigara au akinywa pombe. Alimwabudu mama, aliwaheshimu wanawake, na alimtandika tajiri dhalimu. Katika filamu ya 1965, akiwa na mjeledi mkononi, aliimba kwamba kama amri ingekuwa yake maskini wasingelia. Mwaka 1962 alithubutu kufa mwishoni mwa filamu, na mashabiki hawakuipenda kabisa.

Kisha likatokea jambo ambalo hata mwandishi wa sinema angeogopa kuliandika. Tarehe 12 Januari 1967, wiki chache kabla ya uchaguzi, mwigizaji mwenzake M. R. Radha, aliyezoeleka kwa kuigiza uadui, alikwenda nyumbani kwa MGR wakagombana. Radha alimpiga risasi karibu na sikio, kisha akajipiga na yeye mwenyewe. Wote wawili walipona. MGR alikuwa mgombea, na kampeni aliifanyia kitandani: picha yake akiwa na bandeji nene shingoni ilichapwa kwenye mabango yakabandikwa jimbo zima. Sauti yake haikurudi sawasawa maisha yake yote. Kiti alikipata, na DMK ikazoa viti 137 kati ya 234. Congress, iliyotawala tangu uhuru, iling'oka, na kigogo wake K. Kamaraj aliangushwa kwao na kijana aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi. Tangu siku hiyo Congress haijawahi kurudi kushika serikali ya jimbo hilo.

Lakini risasi na bandeji zisitufumbe macho. Injini yenyewe ilikuwa vilabu vya mashabiki. MGR alikuwa na vilabu hivyo kwa maelfu, mjini na vijijini, vya madereva wa riksho, vibarua, mafundi na vijana wa mtaani. Filamu mpya ikitoka walipamba ukumbi kwa maua. Mafuriko yakija waligawa chakula kwa jina lake, na uchaguzi ukifika walibandika mabango na kuwatoa watu majumbani wakapige kura. Anayejua maana ya mashina na wakereketwa wa chama ameshanielewa.

Annadurai alipofariki Februari 1969, Karunanidhi alichukua serikali, na fahali wawili wakajikuta zizi moja. Oktoba 1972 MGR alidai viongozi waonyeshe hesabu za mali zao, akafukuzwa chamani. Mwezi haukuisha akawa na chama chake, kikichukua jina la Anna. Ofisi zilitoka wapi upesi hivyo? Vilabu viling'oa bendera ya DMK na kutundika mpya, basi. Mei 1973 filamu yake mpya ilitoka, na mwezi huohuo chama chake chenye umri wa miezi saba kikashinda uchaguzi mdogo wa Dindigul. Mwaka 1977 akawa waziri kiongozi, na mbali na miezi michache ya 1980 hakuondoka hadi alipofariki tarehe 24 Desemba 1987. Uchaguzi wa 1984 ulimkuta amelazwa hospitali huko Brooklyn, Marekani. Chama kilionyesha video yake akiwa hospitalini kuthibitisha yu hai, na kiti akakipata bila kukanyaga jimboni.

Alitawala vipi? Hapo nina mashaka naye. Mwaka 1982 alipanua chakula cha mchana kwa watoto wa shule kwa kiwango ambacho India haikuwahi kukiona, na kwa mtu aliyelala njaa utotoni naamini hiyo haikuwa kampeni tu. Wakati huohuo shujaa aliyekwepa chupa kwenye skrini ndiye ambaye serikali yake, mwaka 1983, iliunda shirika la umma la kuuza pombe. Shirika hilo liko hadi leo na linaingizia hazina fedha nyingi.

Mtazamaji wetu wa Dar au Mombasa, aliyezoea filamu za Mumbai, atauliza: mbona Amitabh Bachchan hakuwa mkuu wa jimbo? Alijaribu siasa. Mwaka 1984 alishinda ubunge wa Allahabad kwa kura nyingi, na 1987 akajiuzulu. Ramani ndiyo iliyomnyima. Filamu za Kihindi hutengenezwa Mumbai, ambako lugha ya jimbo ni Kimarathi, na watazamaji wake wametapakaa Uttar Pradesh, Bihar, Rajasthan, Madhya Pradesh na kwingineko. Hakuna jimbo moja linaloweza kusema huyu ni wetu. Kusini ni tofauti. Mwaka 1952 Potti Sriramulu alifunga kula hadi kufa akidai jimbo la wasemao Kitelugu, likapatikana 1953, na mwaka 1956 mipaka ya majimbo mengi ikachorwa upya kwa kufuata lugha. Kuanzia hapo, soko la filamu za Kitamil na daftari la wapigakura wa Tamil Nadu vikawa karibu kitu kimoja.

Mwigizaji N. T. Rama Rao aliliona hilo upande wa Andhra Pradesh, jimbo la wasemao Kitelugu. Alikuwa amemwigiza mungu Krishna katika filamu 17, na nyumba nyingi zilitundika picha yake pamoja na za miungu. Hata hivyo, umungu wa kwenye skrini usingetosha bila kosa la wakubwa wa Delhi, makao ya serikali kuu. Congress ilikuwa ikibadilisha mawaziri viongozi wa Andhra ovyo, wanne ndani ya miaka mitano, na mapema 1982 Rajiv Gandhi, mwana wa waziri mkuu Indira Gandhi, alimfokea mmoja wao hadharani uwanja wa ndege wa Hyderabad. Machi mwaka huo Rama Rao akaanzisha chama kutetea heshima ya Watelugu. Alizunguka jimbo zima kwa gari kuukuu la Chevrolet lililogeuzwa jukwaa, akiahidi mchele kwa rupia 2 kilo. Miezi tisa baadaye, Januari 1983, alikuwa waziri kiongozi. Aliyekuja kumpindua ndani ya chama, mwaka 1995, alikuwa mkwewe, mume wa binti yake. Nayo hiyo ni sinema tosha.

Walioshindwa wanafundisha zaidi. Sivaji Ganesan, aliyeitoa kwa kishindo ile hotuba ya kizimbani ya 1952, kwa uigizaji alimzidi MGR mbali, nami sitabishana na anayesema hivyo. Alianzisha chama 1988, na 1989 hata yeye mwenyewe akabwagwa. Chiranjeevi alipata viti 18 kati ya 294 huko Andhra mwaka 2009, kisha akakiingiza chama chake ndani ya Congress. Kamal Haasan alikosa kiti cha Coimbatore mwaka 2021 kwa kura 1,728. Rajinikanth alitangaza Desemba 2017 kwamba anaingia, na Desemba 2020 akatangaza kwamba haingii. Na Kerala, yenye lugha yake na filamu nzuri mno, haijawahi kutawaliwa na staringi. Nadhani ni kwa sababu vyama vya wafanyakazi, maktaba na makomunisti walikuwa wamefika kijijini kabla ya sinema, na nafasi haikuwepo.

Jayalalithaa anastahili makala yake. Aliigiza na MGR filamu 28, akawa katibu mwenezi wa chama chake mwaka 1983, na siku ya mazishi ya MGR akasukumwa chini kutoka kwenye gari lililobeba mwili. Mjane, V. N. Janaki, naye mwigizaji, akapewa serikali ikadumu chini ya mwezi mmoja. Machi 1989 vurugu zilizuka bungeni, Jayalalithaa akatoka nguo zimevurugika, na 1991 akarudi akiwa waziri kiongozi. Alitiwa hatiani kwa utajiri usioelezeka mwaka 2014, akaachiwa 2015, akafariki madarakani Desemba 2016. Kwenye filamu alikuwa mchumba wa staringi, akiimba na kungoja kuokolewa. Kwenye siasa aliitwa Amma, mama, na mkate wa mvuke uitwao idli uliuzwa rupia 1 kwenye migahawa yenye jina hilo. Hiyo nafasi hakuna mwandishi aliyemwandikia.

Aliyeisoma historia hii kwa makini ni Vijay, staringi wa filamu za Kitamil. Kabla hajaanzisha chama Februari 2024, vilabu vya mashabiki wake vilikuwa vimeshagombea uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2021 na kushinda viti zaidi ya 100. Pamoja na maandalizi hayo, mkutano wake wa Karur, Septemba 2025, ulijaza watu kupita kiasi na 41 wakafa kwenye msongamano. Wanaomfahamu kwa filamu zenye sauti ya kutafsiriwa watakumbuka zile hotuba zake ndefu katikati ya mapigano, ambazo wengi wetu huzipeleka mbele. Ile ya 2017 ilikuwa juu ya hospitali na kodi, na chama tawala cha Delhi kikaja juu. Ile ya 2018 ilimhusu mtu aliyekuta kura yake imepigwa na mwingine, na ilikuwa na tukio la watu kuchoma vifaa vya bure vilivyogawiwa na serikali. Chama kilichoachwa na MGR na Jayalalithaa kiliandamana nje ya kumbi za sinema hadi tukio hilo likakatwa.