Je, wajua kwa nini ukishikwa Marekani kwa DUI, yaani kuendesha umekunywa, wakili wa kaunti ile ile ulikokamatiwa ndo anatafutwa kwanza?

Mtu akishikwa usiku Marekani anaendesha amekunywa, akatoka kwa dhamana asubuhi, siku mbili tatu mbele sanduku lake la barua linaanza kujaa bahasha. Zote za mawakili, tena mawakili ambao hajawahi kuwasikia. Ndugu zetu wengi hapo wanashtuka wanadhani kuna mtu kawachoma, kumbe wala, sehemu nyingi kule orodha ya waliokamatwa ni kumbukumbu ya wazi, yeyote anaisoma, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema tangu 1988 kwamba jimbo haliwezi kumkataza kabisa wakili asimwandikie barua mtu anayejua yuko kwenye matatizo ya kisheria. Sasa ziangalie vizuri hizo bahasha kabla hujatupa. Nyingi zinatoka ofisi zilizo jirani na mahakama ya kaunti ulikokamatiwa, hata kama wewe unaishi masaa manne kutoka hapo.

Sisi tuliokulia Bongo au Kenya tumezoea wakili ni wakili. Wa Dar anapanda ndege anaenda kukutetea Mwanza, wa Nairobi anashuka Mombasa, hakuna wa kumuuliza. Marekani leseni ya uwakili inatolewa na jimbo, kwa hiyo wa Ohio hawezi tu kuingia mahakama ya Texas akasimama, lazima aombe ruhusa ya kesi hiyo moja. Na sheria yenyewe ya kuendesha umelewa ni ya jimbo, mpaka jina linabadilika: California ni DUI, Texas na Minnesota wanaita DWI, Ohio OVI, Massachusetts OUI, Iowa na Michigan OWI. Na siyo jina tu aisee. Wisconsin kosa la kwanza kwa kawaida hata siyo jinai, ni faini ya madai, ila ukiwa na mtoto mdogo ndani ya gari mambo yanabadilika. New Jersey wanalihesabu kama kosa la barabarani na hupati lile jopo la raia wa kawaida (jury) kusikiliza kesi. Utah kiwango cha pombe kwenye damu ni 0.05 tangu mwisho wa 2018 wakati kwingine kote ni 0.08, ambayo ilienea nchi nzima baada ya sheria ya mwaka 2000 iliyosema jimbo lisilokubali linakatwa hela za barabara.

Kwa hiyo ushauri wa kwenye grupu la WhatsApp, "mimi yalinikuta hayo, nililipa faini nikaenda darasa yakaisha", unaweza kuwa wa kweli kabisa kwa jimbo la huyo aliyeuandika, na kwako ukakupoteza.

Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakijui mpaka wamechelewa: majimbo mengi ukikamatwa mara moja unakuwa na kesi mbili. Moja ni ya mahakamani, ile ya jaji na mwendesha mashtaka. Nyingine ni ya leseni yako ya udereva, na hii inaendeshwa na idara ya magari ya jimbo, haingoji mahakama iamue chochote. Polisi akichukua leseni yako anakupa karatasi ya muda, na kwenye karatasi hiyo hiyo kwa maandishi madogo imeandikwa una siku ngapi za kuomba usikilizwe. California ni siku 10. Texas 15. Georgia 30. Zikipita hujaomba, leseni inafungiwa kimya kimya wakati wewe bado unangoja tarehe ya mahakama ambayo labda ni mwezi ujao. Wakili wa mji ule anaijua hiyo saa inavyokimbia, swali lake la kwanza kwenye simu huwa ni tarehe gani umeshikwa, hata jina lako anaweza kuliuliza baadaye. Wakili wa mbali anayefanya kesi za kila aina anaweza akakwambia njoo Jumatatu ya wiki ijayo tuongee.

Sawa, basi wakili yeyote wa jimbo hilo anatosha? Kisheria ndiyo. Lakini sehemu nyingi mwendesha mashtaka mkuu anachaguliwa kwa kura na watu wa kaunti, na kila mmoja ana msimamo wake. Kaunti moja wanakubali kushusha shtaka, kwa mfano California kuna kosa la kuendesha kizembe lenye alama ya pombe ambalo ni jepesi kuliko DUI yenyewe, ukivuka mpaka tu wa kaunti ofisi ya pili haitaki kusikia habari hizo kama kipimo kilizidi kiasi fulani. Haya mara nyingi hayaandikwi popote. Anayeyajua ni yule ambaye kila wiki yuko kwenye korido ile ya mahakama, anamjua msaidizi wa mwendesha mashtaka anayeshika mafaili ya ulevi, anajua jaji yupi hapendi kuahirisha.

Na vipimo. Hapa ndo penye utamu wa kesi hizi, maana watu wanadhani mashine ikishasoma namba basi imekwisha. California kabla hujapuliza mashine ya kituoni inatakiwa uangaliwe dakika 15 mfululizo, usibeue, usitapike, usile kitu, kwa sababu pombe ikipanda kutoka tumboni inaingia mdomoni na namba inaruka. Wakili mzuri anaomba video ya kituo na kukaa nayo. Kama askari anaonekana kageuka anajaza fomu dakika nane wewe uko nyuma yake, hilo ni la kuongea mbele ya jaji. Vivyo hivyo na lile zoezi la kutembea hatua 9 kisigino kwa kidole, geuka, rudi, lina maelekezo yake rasmi na askari akiyatoa nusu nusu kipimo kinapungua nguvu.

Kuna na matatizo ya mashine za jimbo zima. New Jersey mwaka 2018 mahakama ya juu ya jimbo ilitilia shaka vipimo zaidi ya 20,000 kwa sababu wakati wa kurekebisha mashine hatua ya kuhakiki joto kwa kipimajoto maalumu ilikuwa inarukwa. Massachusetts Aprili 2023 vipimo vya karibu miaka minane, 2011 hadi 2019, vikazuiwa kutumika kwa sababu ofisi ya serikali inayosimamia mashine ilificha ushahidi wa mashine zilizoshindwa, na waliokuwa wameguswa walikadiriwa watu 27,000. Mawakili wa kule waliishi na hizo kesi miaka, wanazijua mashine kama fundi anavyoijua injini ya gari alilolifungua mwenyewe. Wa kutoka jimbo lingine angeanzia kusoma.

Sasa tuje kwenye makaratasi, maana hapa watu wetu wanafanya kinyume. Mtu akishikwa anampigia wakili aliyemfanyia green card, kwa vile ndo wakili pekee anayemjua. Huyo anajua uhamiaji, mahakama ya kaunti labda hajaingia maisha yake. Na wa kaunti naye anaweza kukuombea dili tamu sana, hakuna jela, saini hapa, kumbe ile hati ya kukiri inakuharibia uraia. Mwaka 2010, kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Kwa hiyo mwambie hali yako mapema, viza gani, lini unataka kuomba uraia, usione aibu, na umwombe aongee na wa uhamiaji kabla hujasaini chochote. DUI moja ya kawaida peke yake mara nyingi haikufukuzi, lakini viza inaweza kufutwa kwa kukamatwa tu, hata kabla ya hukumu, na hukumu mbili zinakuwekea doa kwenye kile kipengele cha tabia njema unapoomba uraia.

Na madereva wa semi, ambao tuko wengi tu huko, hesabu yenu ni nyingine kabisa. Ukiwa na lori kiwango ni 0.04, na hata ukishikwa na gari lako la nyumbani unatoka harusini, hukumu ya kwanza inakuondolea haki ya kuendesha lori mwaka mzima, ya pili ni maisha. Wakili asiyeuliza unafanya kazi gani, huyo mpite.

Kumpata siyo kazi. Kila jimbo lina chombo chake cha mawakili chenye ukurasa wa kutafuta jina, utaona leseni iko hai au imesimamishwa na kama aliwahi kuadhibiwa. Mimi ningeenda pia kukaa mahakamani asubuhi moja, ziko wazi kwa umma, unaona nani anasimama mara nne kwa saa moja na karani anamwita kwa jina. Huna hela? Ukiwa unaweza kufungwa, una haki ya wakili wa kukutetea anayelipwa na serikali, na hao kaunti ile wanaijua vizuri mno, ila wengi hawashughuliki na ule upande wa leseni, hapo itabidi ujiombee mwenyewe usikilizwe ndani ya zile siku.

Wa kulipwa wengi wanachaji bei moja ya jumla, maelfu kadhaa ya dola. Anayekwambia utalipa ukishinda mkimbie, kesi za jinai hairuhusiwi kulipana hivyo. Na kwenye mkataba tafuta mstari unaosema bei hiyo inaishia wapi, maana nyingi zinaishia siku ya kukiri au kufutiwa, kesi ikienda mpaka kusikilizwa kuna malipo mengine, na kikao cha leseni nacho wakati mwingine kinahesabiwa pembeni.