Tuzo ya Bear Bryant si zawadi ya bingwa
Wengi wanaofuatilia futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu hudhani kwamba Tuzo ya Paul “Bear” Bryant, anayotunukiwa kila mwaka kocha mkuu bora, humwendea moja kwa moja aliyetwaa ubingwa wa taifa. Sivyo. Mshindi hupatikana kwa kura za wanahabari wa michezo, ambao wanaweza kupima pia kocha aliikuta timu wapi na akaifikisha wapi. Msimu wa 2024 ubingwa ulikwenda Ohio State, lakini tuzo alipewa Curt Cignetti wa Indiana, timu iliyoambulia ushindi wa mechi 3 tu msimu uliotangulia, naye akaipatia 11. Timu ya Notre Dame iliwatoa Indiana mapema kwenye mchujo wa kuwania ubingwa, wala hilo halikumharibia Cignetti. Bryant mwenyewe, kocha ambaye tuzo hii ina jina lake, ajabu ni kwamba, alikusanya mataji 6 ya taifa akiinoa timu ya Alabama.