Kijana anapotuhumiwa kupanga shambulio: umri wake bado una kazi

"Kama amekaa akapanga kuua watu, utoto wake uko wapi?" Hilo ndilo swali linalojirudia tunapotoa elimu ya sheria mitaani na mashamba, Unguja na Pemba, na wanaoliuliza si watu wenye roho mbaya. Ni wazazi. Mtoto aliyempiga mwenzake jiwe kwa hasira wanamwelewa. Wasiyemwelewa ni kijana wa miaka 16 aliyeandika kwenye simu siku, pahala na silaha, akakaa na siri hiyo huku kila usiku anakula chakula alichopika mama yake.

Swali linastahili jibu la kweli, na jibu hilo linaanza na jambo ambalo sisi wa upande wa utetezi hatupendi kulisema. Watafiti wa makuzi wameonesha kwamba kijana wa miaka 16, akiwa peke yake na ametulia, hufikiri karibu sawa na mtu mzima. Kinachochelewa ni uwezo wa kujizuia pale hasira, sifa au macho ya wenzake yanapoingia. Sehemu ya mbele ya ubongo inayosimamia hayo huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Kwa hiyo wakili atakayesimama kusema "mteja wangu hakujua analolifanya", katika kesi ya mpango uliochukua wiki kadhaa, hakimu hatamsikia. Na mimi simlaumu hakimu.

Umri unafanya kazi nyingine. Unatulazimisha tuulize mpango ulikuwa umefika wapi, ulikuwa wa nani hasa, na huyu tuliyemshika atakuwa mtu gani akifika miaka 25. Kwa mtu mzima maswali hayo mara nyingi husubiri hadi wakati wa adhabu. Kwa kijana ndiyo kesi yenyewe.

Tuanze na ulikofika. Katika sheria ya jinai tuliyorithi kutoka kwa Waingereza, wazo peke yake si kosa. Kula njama kunahitaji makubaliano ya watu wawili au zaidi. Jaribio linahitaji kitendo kilichokwishaanza kuelekea kwenye kosa. Makosa ya ugaidi yameusogeza mstari nyuma zaidi: Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, inayotumika Tanzania Bara na Zanzibar, inaadhibu pia mambo yaliyo mbali na shambulio lenyewe, kama kusaidia kundi au kuliandikishia watu. Kwa watu wazima naiona sababu yake. Lakini mstari ukirudi nyuma kiasi hicho, unaingia kwenye maneno ambayo vijana huyasema kila siku barazani na kwenye simu bila ya kukusudia kitu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa miaka 15, Micheweni, amechapwa mbele ya darasa. Usiku anaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba siku ya mtihani ataichoma moto skuli, walimu wakiwa ndani. Mmoja anacheka. Mwengine anajibu, "Mimi naleta petroli." Kwenye karatasi hayo yanasomeka kama njama, maana wapo wawili na wamekubaliana. Mpelelezi anayejua kazi yake hatoishia kwenye karatasi. Atauliza kama petroli imenunuliwa, na imewekwa wapi. Kama kijana ameanza kugawa vitu vyake. Kama amekuwa akizunguka ofisi ya walimu saa zisizo zake. Na kama amemwambia rafiki yake wa karibu, kwa siri, kwamba siku hiyo asende skuli. Hilo la mwisho mimi lingenitisha kuliko maneno yote ya kwenye kundi, kwa sababu anayejigamba hutaka watu waje waone, lakini aliyekusudia huanza kuwatoa wale anaowapenda.

Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa kumpakia kijana kwenye gari la polisi mbele ya mtaa mzima. Wanayo mwalimu wake, ustadhi wake wa chuo cha Qur'ani, jirani, na wale watoto wawili watatu anaokaa nao. Na hapa niseme jambo linalonikera: picha za watuhumiwa wadogo zinazosambazwa mtandaoni saa chache baada ya kukamatwa, jina kamili na skuli yake, kabla hakimu hajaliona jalada. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inamhesabu mtu kuwa hana hatia mpaka ithibitike vyenginevyo, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unalinda faragha ya mtoto katika kila hatua ya kesi. Anayebofya kitufe cha kusambaza picha ile amekwishamhukumu.

Sasa mpango ni wa nani. Uingereza kulikuwa na msichana ambaye mama yake mwenyewe, mwaka 2020, aliomba msaada kwenye mpango wa serikali wa kuzuia itikadi kali, baada ya kuona mwanawe anaingia kwenye mambo ya Unazi mamboleo. Msichana alikamatwa akiwa na miaka 14. Mwaka 2021 akafunguliwa mashtaka ya ugaidi. Baadaye vyombo vya serikali vilikubali kwamba alikuwa amenyonywa, na miongoni mwa waliokuwa wakiwasiliana naye mtandaoni ni mwanamme mtu mzima wa Marekani, na mashtaka yakafutwa mwezi wa Disemba mwaka ule ule. Mei 2022 alifariki katika nyumba ya kulelea watoto, akiwa na miaka 16.

Sisemi kwamba kesi ndiyo iliyomuua. Nasema kwamba swali la nani yuko nyuma ya mtoto lilipata jibu mwisho, na lilitakiwa kuulizwa mwanzo. Kwetu swali hilo si geni. Vita vya Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, vilivyoanza Oktoba 2017, vimo watu wanaozungumza Kiswahili, na maneno yao yanamfikia kijana wa Wete bila ya mkalimani. Mwaka 2018, katika Azimio namba 2427, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilihimiza watoto waliohusishwa na makundi yenye silaha watazamwe kwanza kama waathirika. Kuwa mwathirika hakumfutii mtoto alilolitenda. Kunatupa wajibu wa kumtafuta aliyemtuma, ambaye mara nyingi yuko mbali na salama, na ana mtoto mwengine anayeandikiana naye usiku huo huo.

Mama yule wa Uingereza alikwenda mwenyewe kuomba msaada. Hapo ndipo penye hoja yangu kubwa, na ni hoja ya usalama kabla ya kuwa ya huruma. Mpango wa kijana hauvunjwi na mitambo ya kijasusi pekee. Mara nyingi huvunjwa na mtu wa karibu aliyesema. Idara ya Secret Service ya Marekani ilichambua mipango 67 ya kushambulia skuli iliyozuiwa nchini humo kati ya 2006 na 2018, na ikaona kwamba wanafunzi wenzao ndio walio katika nafasi nzuri zaidi ya kuziona dalili na kuzisema. Mtu wa karibu huwa na hesabu yake. Mama wa Jang'ombe akiamini kwamba akimwambia sheha leo, kesho mwanawe atasafirishwa asikokujua na arudi akiwa na ndevu, atanyamaza na kuomba dua. Akiamini kwamba mwanawe atahojiwa mbele yake, ataletewa afisa wa ustawi wa jamii, na akiwa na kosa atawajibishwa kwa kiasi chake, atasema. Ukali usiopima umri unatuzibia masikio wenyewe.

Na hofu ya mama huyo ina msingi. Mashehe wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, walishitakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam, wakakaa mahabusu miaka kwa miaka, mpaka Juni 2021 mashtaka yalipofutwa. Wale walikuwa watu wazima, na mjadala wa kesi yao siufungui hapa. Nachukua muda tu. Mtoto wa miaka 15 akikaa mahabusu miaka saba, anatoka na 22. Ujana wake wote umepita humo ndani, skuli imemuacha, na waliomfundisha maisha ni waliokuwa naye chumba kimoja. Ndiyo maana Kifungu cha 37 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinataka kumfunga mtoto kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyofaa, na kinakataza adhabu ya kifo na kifungo cha maisha kisicho na uwezekano wa kutoka.

Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011. Inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, inaweka Mahakama ya Watoto, na inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Ni sheria nzuri. Mwaka 2015 ilipata tuzo ya kimataifa ya sera bora. Tatizo ni kwamba kijana anayetuhumiwa kupanga shambulio anakuta milango miwili, wa sheria ya mtoto na wa sheria ya ugaidi, na neno "ugaidi" lina uzito wa kumvuta kwenye mlango wa pili kabla mtu hajamuuliza umri. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni ya Jumla Namba 24 ya mwaka 2019, imeeleza kwamba mfumo wa haki za watoto unamhusu kila aliyekuwa chini ya miaka 18 siku ya kosa, na mtoto anayeshitakiwa kwa ugaidi hatolewi humo. Huo ndio msimamo ninaoutetea, hata pale kosa linapotisha.

Na yapo yanayotisha kweli. Mwaka 2015 mahakama ya Manchester ilimhukumu kifungo cha maisha kijana aliyekuwa na miaka 14 alipokuwa akimchochea mtu Australia, kwa simu, awaue polisi kwenye gwaride la Siku ya Anzac, siku ya kuwakumbuka askari wao waliokufa vitani. Halikuwa jigambo lile. Lakini hukumu iliweka kiwango cha chini cha miaka mitano, jina lake likafichwa, na mwaka 2021 bodi ya parole, inayoamua kama mfungwa anaweza kuachiwa kwa masharti, ikaridhika kwamba anaweza kutoka. Berlin, Agosti 2025, kijana aliyesaidia mpango wa kushambulia tamasha la mwanamuziki Taylor Swift mjini Vienna alipewa kifungo cha miezi 18 kilichoahirishwa, chini ya sheria ya vijana. Wapo walioona ni kidogo mno. Mimi naona majaji wa Manchester na wa Berlin walifanya jambo moja la maana: walipima hatari bila ya kufunga njia ya kurudi.

Kwa mzazi ambaye simu imemlia usiku kwamba mwanawe ameshikwa, mambo ya kufanya ni ya kawaida kabisa. Uliza kituo gani, na nenda na sheha au mtu mzima mwengine. Chukua cheti cha kuzaliwa. Kikikosekana, kadi ya kliniki au rekodi ya skuli, kwa sababu umri usiothibitishwa usiku ule unaweza kumlaza mtoto na watu wazima. Omba uwepo wakati anapoandikisha maelezo, na omba afisa wa ustawi wa jamii aitwe. Tafuta wakili au msaidizi wa sheria wa shehia yako mapema, bila ya kungoja siku ya mahakama. Na simu ya mtoto usiifute kitu hata kama unayoyaona humo yanakuaibisha: kufuta kunaweza kukugeuza wewe mtuhumiwa, na katika ujumbe ule ule unaoutamani usionekane, ndimo linamoweza kuwemo jina la aliyemtuma.