Kuyumba kwa mwili: mwendo mdogo unaotuzuia kuanguka

Hakuna mtu anayesimama tuli kabisa, hata askari wa gwaride. Mwili huyumba mbele na nyuma kwa milimita kadhaa, muda wote, bila mwenyewe kujua. Wanaochunguza usawa wa mwili huupima mwendo huo ili wajue ubongo unavyotushikilia wima.

Chanzo ni umbo letu. Uzito mwingi uko juu, nyayo ni ndogo, na uzito wenyewe huangukia sentimita chache mbele ya vifundo vya miguu. Kwa hiyo aliyesimama yuko katika kuanguka kifudifudi polepole, na misuli ya shavu la mguu ndiyo inayomvuta nyuma. Mtoto anayesimamisha fimbo juu ya kiganja anaijua kazi hii: fimbo ikiinama, kiganja huifuata, tena huipita kidogo, ndipo irudi.

Kipimo hufanywa kwa kusimama juu ya bamba lenye vihisio, linaloonyesha nukta ambako mgandamizo wa nyayo umekusanyika. Hapa wengi huchanganya nukta hiyo na kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wa mwili wote ni kama umekusanyika. Nukta hiyo ni kiganja. Kitovu cha uzito ni fimbo. Ndiyo maana nukta hukimbia huku na huko kuliko mwili wenyewe.

Mwaka 1993, watafiti wa Marekani Collins na De Luca waliichambua nukta hiyo kama wanafizikia wanavyochambua chembe inayotangatanga majini. Kwa muda wa takriban sekunde moja huelekea kuendelea ilikokuwa ikienda. Baada ya hapo huelekea kurudi. Wao walisema mwili huachwa kidogo kabla ya kusahihishwa, tafsiri ambayo wengine wameibishia.

Masahihisho hutegemea macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Katika karne ya 19, daktari Romberg wa Berlin alieleza wagonjwa waliopoteza hisia za miguu kwa maradhi ya uti wa mgongo: macho yakiwa wazi walisimama, wakiyafumba walipepesuka. Kipimo chake kinatumika hadi leo.

Tena, kuyumba sana si lazima kuwe ugonjwa, wala kuyumba kidogo si lazima kuwe afya. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoathiri mwendo, huyumba kidogo kwa sababu mwili umekakamaa, na wakisukumwa kidogo tu huanguka.