Viputo vya Sabuni: Tunayowaambia Watoto na Ukweli Wenyewe

Mpe mtoto bua la jani la mpapai na kikombe cha maji ya sabuni, apulize. Maswali hayatachelewa, na majibu yetu watu wazima mengi hayako sawa.

Dhana: Sabuni huyapa maji nguvu, ndiyo maana kiputo hakipasuki.

Ni kinyume chake. Molekuli za maji huvutana mno, na mvutano huo ndio unaorarua utando wa maji matupu mara tu unapotandazwa. Sabuni huupunguza hadi karibu theluthi moja. Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: utando ukinyooka na kukonda mahali fulani, sabuni ya pale hutawanyika, mvutano hupanda papo hapo, na maji ya jirani huvutwa kuja kuziba. Kiputo hujitibu chenyewe, kwa muda.

Dhana: Rangi zake zimo ndani ya sabuni.

Tumia sabuni ya bluu, kisha nyeupe. Rangi za kiputo ni zilezile. Mwanga huakisiwa na uso wa nje wa utando, na mwingine na uso wa ndani. Mawimbi hayo yakikutana, baadhi ya rangi hutiliana nguvu na nyingine hufutana, kulingana na unene, ambao kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Maji yakiteremka, sehemu ya juu hukonda hadi kuonekana nyeusi. Isaac Newton aliyaeleza madoa hayo katika kitabu chake cha 1704 kuhusu mwanga. Ukiyaona, kiputo hakina maisha marefu.

Dhana: Waya wa pembe nne hutoa kiputo cha pembe nne.

Hutoa tufe. Hakuna umbo jingine linaloifunika hewa ileile kwa utando mdogo zaidi.

Dhana: Kidole hukipasua kwa sababu ya ukucha.

Kosa ni ukavu. Lowesha kidole kwa maji yaleyale ya sabuni, kipenyeze taratibu, na kiputo kitabaki kizima. Watoto hawaamini mpaka wajaribu wenyewe.

Jua la mchana nalo ni adui, kwa kuwa hukausha utando. Asubuhi, au baada ya mvua, viputo hudumu zaidi. Kijiko cha sukari kwenye maji husaidia pia kuchelewesha ukaukaji, ila chezeeni nje: sisimizi hawakawii.