Mitetemo Isiyosikika na Msuguano: Dhana Potofu na Ukweli

Katika karakana za jua kali hapa Kisumu, fundi anayefungua nati iliyoshika kutu huigonga kwa nyundo huku akizungusha spana, mpaka nati ilegee. Huenda ndiyo sababu watu wakisikia kwamba mitetemo ya ultrasoniki, yaani ile inayozidi mara 20,000 kwa sekunde, hupunguza msuguano, hudhani kwamba lazima mitetemo hiyo iinue chuma kimoja kikae hewani juu ya kingine. Si lazima.

Dhana hiyo imejengwa juu ya nyingine, kwamba vyuma vilivyosuguliwa vikang'aa hugusana kila mahali. Ukweli ni kwamba uso wowote wa chuma una vinundu vidogo, na vyuma hugusana kwenye ncha za vinundu hivyo tu. Msuguano hutokea hapo.

Wengine hushuku kwamba mtetemo usioonekana kwa macho hauwezi kuwa na athari yoyote, na hapa hesabu yafaa ifanywe. Mtetemo wa mara 20,000 kwa sekunde, unaosogea maikromita 5 tu (sehemu tano kati ya elfu za milimita) kila upande, hufikia kasi ya takriban mita 0.63 kwa sekunde. Chuma kikiteleza polepole kuliko hapo, huku kikitetemeka sambamba na njia yake, kwa sehemu ya kila mtetemo mwendo wake hugeuka kurudi nyuma, nao msuguano, ambao daima hupinga mwendo wa wakati huo, hugeuka ukakisukuma chuma mbele. Ndiyo maana kizuizi cha wastani hushuka. Kikiteleza kwa kasi zaidi ya hiyo, mwendo haugeuki tena na faida hiyo hutoweka. Jambo hili, kwa maoni yangu, ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Mtetemo wa wima hufanya kazi kwa njia tofauti: hupunguza mgandamizo kwa vipindi vifupi. Mwaka 2006 watafiti wa Basel, Uswisi, walitikisa hivyo ncha ya hadubini ya nguvu za atomu, chombo kinachopapasa uso wa kitu kwa ncha nyembamba mno, juu ya fuwele za chumvi, na msuguano ukashuka hadi karibu kutopimika.

Hata hivyo, si kweli kwamba ultrasoniki hulainisha kila kitu. Viwandani, vipande vya plastiki vikibanwa pamoja na kutetemeshwa mara nyingi vivyo hivyo kwa sekunde, hupata joto, huyeyuka na kushikana.